Ndege wa Prudence

St. James Town, Toronto
Februari

Mdogo wangu Mutuma,

Salamu nyingi zikufikie huko Australia, wewe, Katunge aliyetoka kujifungua, Prudence na malaika wenu mpya. Mnaendeleaje? Mama mtoto anapata usingizi? Maziwa yanatosha? Mpikie uji wa wimbi kila siku, wala usinijie na hadithi kwamba huko mashambani unga haupatikani; agiza kutoka maduka ya Wahindi mjini. Sisi tu wazima. Theluji imefika magotini na lifti ya jengo imegoma tena, kwa hiyo mume wangu Macharia anapanda ngazi huku akinung'unika kama mzee wa miaka tisini. Mwanangu Carmel hajambo, bado anawasimulia wenzake shuleni habari za Krismasi tuliyokula kwenu.

Hata mimi nimewasimulia watu kanisani jinsi binti yako alivyotupanga mstari baada ya chakula cha usiku kwenda kutazama wanyama wa porini, akafunika tochi zetu kwa karatasi nyekundu ili wanyama wasiumie macho, akatukataza hata kunong'ona. Mtoto wa miaka minane anamwamuru Macharia anyamaze, na Macharia akanyamaza! Tulimwona yule wombati mnene akichimba kama aliyepewa kandarasi, na posamu aliyebeba mtoto mgongoni. Kisha Prudence akatufikisha kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba, akatuonyesha kitu nilichodhani ni tawi lililovunjika. Kikafumbua macho ya manjano. Alinieleza kwamba huyo si bundi, ni ndege mwingine kabisa, na kwamba amekuwa akimtazama tangu aanze shule. Nikamwambia ni mzuri sana. Moyoni nilikuwa nimeingiwa na hofu, maana kwangu mimi bundi ni bundi.

Yaliyotokea asubuhi yake unayajua. Ndege alikutwa amekufa uani, na mbwa wako Askari amelala kando akimlamba. Prudence alilia hadi akatapika. Wewe ulimtetea Askari, ukasema hajawahi kugusa hata kuku. Ni mimi niliyekujibu kwamba mbwa akishaonja damu haachi, na nyumba hii inangoja mtoto mchanga. Jioni hiyo ukampeleka kwa yule mfugaji wa kondoo, kwa kuwa dada yako mkubwa amesema. Ulirudi macho mekundu, nami nikakupakulia chakula.

Uliponipigia Jumapili kuniambia kwamba mtoto ataitwa Gakii kama mimi, nilisema mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao haukuwa na shida. Ulisema Katunge ndiye aliyechagua, kwa vile nilivyomkanda miguu ilipovimba, na kwamba mnataka mtoto awe na moyo kama wangu. Unajua kwetu jina halitolewi ovyo. Mtoto hupewa jina pamoja na tabia za mwenye jina. Tangu siku hiyo nashika simu na kuiweka chini. Nakuandikia kwa sababu nikisikia sauti yako nitadanganya tena.

Mutuma, Askari hakumuua yule ndege. Nilimuua mimi.

Mlipokwisha kulala nilibaki barazani nikikusanya vikombe. Ndege akaja, akatua kwenye nguzo ya ua mkabala na dirisha la Katunge, akaanza kulia kwa ule mlio mzito wa kifuani. Nikaikumbuka mimba yenu iliyoharibika. Nikamkumbuka mama, alivyokuwa akichomoa kijinga cha moto jikoni na kumtupia bundi aliyelia karibu na nyumba ya mja mzito. Mimi muuguzi, ninayewafundisha vijana wa kanisa waachane na ushirikina, niliokota kipande cha kuni nikakirusha. Nilitaka aende zake tu. Akaanguka. Nilimmulika nikaona bawa likitetemeka, kisha likatulia. Nikazima tochi, nikaenda kulala. Na kesho yake nikamkumbatia mtoto wako nikimbembeleza, huku nikimshukuru Mungu kwamba mbwa hasemi. Naona aibu, ndugu yangu, naona aibu hata kuliandika.

Tafadhali mfuate Askari leo, usingoje wikendi. Mtoto mpeni jina lingine, msimtwike langu. Katunge mwambie wewe, mtoto akishalala. Mwambie nilikuwa namwogopea yeye, lakini asinihurumie kwa hilo.

Prudence usimwambie. Mwezi uliopita aliniambia kwa simu kwamba ameshamsamehe Askari, kwa sababu mbwa hajui anachofanya. Mimi nilijua. Jumamosi asubuhi yenu nitapiga. Mpe simu, halafu utoke chumbani, nimwambie mwenyewe.

Macharia na Carmel wanawasalimu. Hawajajua bado, ila watajua leo kabla hatujala. Mungu awalinde, na mtoto akue vyema.

Ni mimi dada yako,
Gakii