Vikebe Nilivyochagua Mimi

Dada yangu Mbithe, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa kwako Nunguni, siku ya tisa tangu tukuzike. Wageni wameondoka na viti vya kanisa vimerudishwa. Kuna neno nilipaswa kukuambia miaka kumi na minne iliyopita, na wewe ulinipa nafasi nyingi za kulisema.

Tulipofundishwa kutengeneza sabuni ya chumvi katika kundi la akina mama, wewe ndiye uliyeishika ile kazi kuliko wote. Mumeo alikuwa akikuletea mafuta ya nazi kutoka Mombasa, maana kwa mafuta mengine chumvi huua povu. Mara ya kwanza tuliimwaga ndani ya sanduku la mbao alilotugongelea baba, tukaenda kuchuma mbaazi. Tuliporudi ilikuwa imekauka. Kisu kilipoingia tu, ikabomoka yote. Ulicheka mpaka ukaketi chini. Ukasema sabuni hii haingoji mtu, kila kipande lazima kipate chombo chake.

Basi tukaenda soko la Mukuyuni kutafuta vyombo. Nakuona bado, ukibinya kila kimoja kwa kidole gumba. Kisichokubali kujikunja ulikirudisha, kwa sababu sabuni ingekwama humo. Ukachagua vikopo vya plastiki vya siagi, vilivyokwisha kutumika, rangi zimefifia. Mimi niliviona vibaya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wakwe zangu walikuwa karibu kuja nyumbani, nami nilitaka kuwapa sabuni ya kupendeza macho.

Pale Matiliku tuliona vikebe vya kuokea keki, vya aluminiamu, kingo zake kama ua. Ulikataa. Ulisema mwalimu wetu alituonya kwamba magadi makali ya sabuni hula aluminiamu. Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu nikavinunua.

Asubuhi ile ulikuwa umeenda kuteka maji. Nilichanganya sabuni nikaimimina kwenye vikebe vyangu, nikidhani ukikuta imeshikana utakubali. Uliporudi vilikuwa vinatokota bila moto. Mimi sikuelewa ninachokiona. Wewe ulielewa. Ulinisukuma kando ukainama kuvitoa nje, na kimoja kikakurukia usoni. Maji yote uliyoyabeba kutoka mtoni niliyamwaga kwenye jicho lako, na hayakutosha.

Hospitalini daktari aliuliza ni nani aliyechagua vyombo vile. Nilifungua mdomo. Ukanitangulia.

"Ni mimi," ukasema. "Sikujua."

Nami nikanyamaza. Nilinyamaza jicho lilipogeuka jeupe. Nilinyamaza mumeo aliporudi kutoka Mombasa akakugombeza mbele ya wazee, akakuita mwanamke asiyesikia, akakukataza kutengeneza sabuni tena. Nilikuwa nimeshika birika la chai siku hiyo, nikiwapitishia vikombe. Wewe uliyekuwa ukitusomea Biblia kila Jumapili, ulianza kukaa viti vya nyuma, na kitabu akapewa mwingine.

Niliolewa. Nilikuja kukuona mara nyingi nikiwa nimejiandaa kusema. Tuliongea habari za mahindi na za watoto, kisha ulinisindikiza hadi barabarani. Ulikuwa ukinishika mkono muda mrefu kabla ya kuniaga. Nilidhani ni kwa sababu ya jicho, unaogopa kujikwaa.

Juzi nilimketisha binti yako Ndinda jikoni nikamwambia yote. Hakushtuka. Alisema ulimweleza alipokuwa darasa la saba, na kwamba ulihofu wakwe zangu wakisikia wasingenichukua. Nikamuuliza kwa nini basi hukuniambia hata siku moja kwamba jambo lile limekwisha.

"Alikuwa anakungoja uanze wewe, auntie," akasema. "Kila ulipokuja, ukishaondoka, alikuwa anasema labda wakati mwingine."

Jana nimemwambia mumeo. Amezeeka, Mbithe. Alinisikiliza mpaka mwisho, asinitupie neno hata moja. Nilitamani anigombeze vile alivyokugombeza wewe. Aliniuliza tu kama nakumbuka maneno aliyokuambia siku ile mbele ya wazee. Nikasema nayakumbuka yote. Akachukua kofia yake akaenda kusimama kaburini kwako, na jua likamwakia hapo mpaka Ndinda akaenda kumrudisha nyumbani.

Nilikuwa nadhani kimya changu kimekudhulumu wewe peke yako. Kumbe yeye pia nilimnyima. Angekuwa na miaka kumi na minne ya kukuomba msamaha, nawe ulikuwa hapa, ungemsamehe.

Jumapili nitasimama kanisani niseme ni nani aliyechagua vile vikebe. Najua hutasikia. Nitasema hivyo hivyo.

Pumzika, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Kanini