Nilimkanda Mwanangu Uvimbe, Sasa Naogopa Kusaini Fomu ya Daktari

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu upesi kwa sababu daktari amenipa mpaka Alhamisi, nami nimeshampiga chenga mara mbili na ya tatu najua haitapita.

Mimi ni mkandaji, kazi niliyofundishwa na mama mkwe wangu, nina chumba changu kidogo chenye kitanda, pazia na chupa za mafuta, na wateja wangu ni wapakiaji mizigo, mafundi cherehani waliokaza shingo, wazee wa migongo, na mtu akiingia amepinda anatoka amenyooka, sijisifu, ndivyo wanavyosema wenyewe. Sasa miezi mitatu iliyopita kitindamimba wangu, binti wa miaka minane, alirudi kutoka shule akichechemea, nikampapasa paja nikakuta fundo juu kidogo ya goti, gumu, wala halimuumi sana, nikajiambia huu ni msuli umejikunja kwa kuruka kamba, na mkandaji gani atampeleka mwanawe hospitali kwa fundo la msuli, si wateja watanicheka. Nikamlaza kwenye kitanda cha wateja nikamkanda, kila siku akitoka shule, wiki saba, na fundo badala ya kulainika likawa linakua, na mimi badala ya kushtuka nikazidisha nguvu, maana sisi wakandaji fundo likikataa husema bado halijapata mkono wake.

Baba yake ni dereva wa malori, na siku ya kuondoka aliniambia mpeleke mtoto akapimwe, alipopiga simu nikamwambia nimempeleka, wamesema ni msuli, kisha nikamwambia na mtoto, baba akiuliza sema tulienda, na habari za kukandwa usizitaje kwa mtu. Aliporudi akauona ule mguu hakuuliza hata maji ya kunywa, alimbeba mtoto hivyo hivyo na nguo za safari mpaka hospitali.

Ni saratani, mshauri. Saratani ya misuli inayowapata watoto, na imeshafika kwenye tezi za kinena. Daktari, dada mmoja mpole sana, alinieleza kwamba seli za mwili hupelekeana ishara, kua, simama, hama, na hizi za mwanangu kuna ishara inayozisukuma zihame kwao, sasa anataka kukata kipande kidogo kwenye tezi ili maabara waangalie ni ishara ipi, wapate kupanga dawa. Baba yake amerudi barabarani, ameridhia kwa simu, anasema saini wewe unayeshinda naye hapo. Nami nimemdanganya daktari kwamba namsubiri baba, na baba nimemdanganya kwamba daktari hajaleta fomu.

Ninaogopa wataona. Muuza nyama anaijua nyama iliyopondeka, sembuse watu wenye darubini, watakiangalia kile kipande waseme huyu mtoto alikandwa, na aliyemkanda ndiye aliyezisukuma hizi seli. Kazi yangu ni kutawanya mafundo, na hili nadhani nimelitawanya kwa mikono yangu. Daktari alimuuliza mtoto kama kuna mtu aliwahi kumminya mguu, mwanangu akanitazama kwanza, ndipo akasema hapana. Tangu siku hiyo siwezi kumgusa, wifi yangu ndiye anayemwogesha, mimi nasingizia mgongo. Nifanye nini? Mume wangu akijua, ndoa hii sina.

Mama Mkandaji

JIBU

Mama Mkandaji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikampigia daktari wa saratani za watoto ninayemfahamu, nikamsomea bila kukutaja. Kwa hiyo nikijibu hapa sijibu kwa kubahatisha.

Kwanza hilo la darubini. Hakuna atakayekuta alama za vidole vyako ndani ya kipande cha tezi. Hawatafuti nani alimshika mtoto. Wanatafuta seli zinaambiana nini. Misuli ya mtoto bado inajengwa, ndiyo maana mle ndani amri za kukua ni nyingi, na seli changa husikia amri, hukomaa, kisha hutulia kuwa msuli. Za mwanao zimekataa kukomaa. Amri ya kuongezeka imewaka haizimiki, na baadhi yake zimepata na amri ya kuhama, zikaingia njia za mwilini mpaka kwenye tezi. Nilimuuliza yule daktari waziwazi: mkono wa mama unaweza kuwasha amri hiyo? Akasema hajui ushahidi wowote wa hivyo, na kwamba saratani hii huhama hata kwa watoto ambao hawajawahi kukandwa na mtu. Akaongeza, nami naongeza, kwamba uvimbe usiojulikana haukandwi hata siku moja. Lakini kujivika wewe ugonjwa mzima, dada yangu, ni kujipa makuu. Vidole vingekuwa na nguvu hiyo unayoidhania, hospitali zingeshafungwa.

Sasa nikugombeze, maana kosa unalo, ila unalililia lisilo lako na lako umeliacha limekaa. Kosa lako ni wiki saba. Uliogopa kuchekwa na wateja, ukamdanganya mumeo, na sasa unaendelea na mchezo ule ule, tofauti ni kwamba safari hii tunahesabu siku. Wahenga walisema mficha maradhi, na mimi sitalimalizia neno hilo mbele ya mzazi. Zile wiki saba hazirudi. Lakini kila siku fomu inapolala kwenye mkoba wako, daktari anapanga dawa akiwa hajaelezwa nusu ya mambo, na seli zile hazimsubiri baba wala hazikusubiri wewe.

Usingoje Alhamisi. Kesho asubuhi nenda ukasaini. Ukishasaini, mwombe daktari dakika tano pembeni, mweleze fundo ulilikuta lini, lilikuwa kubwa kiasi gani, lilikua kwa kasi gani, na kwamba ulilikanda. Hakuna mtu aliyelijua fundo lile kama wewe. Ulilishika kila siku. Hizo ni habari anazozihitaji, na wewe umezikalia. Muulize pia ni wapi unaruhusiwa kumshika mtoto na wapi hapana, halafu mwambie wifi yako asante, ukamwogeshe mwanao mwenyewe. Mtoto mgonjwa ambaye mama yake ameacha kumgusa hawazi habari za mgongo wako. Anawaza amekuwa na kitu kibaya.

Mumeo mwambie kwa mdomo wako, akishaegesha lori, si akiwa kwenye usukani. Atakasirika. Ana haki ya kukasirika, na wewe usijitetee, wala usianze kumkumbusha makosa yake ya mwaka juzi. Kama ndoa itatikisika, itatikiswa na ukweli, nao angalau hukaa mahali pamoja ukajua pa kuushika. Siwezi kukuahidi atasamehe. Ninachojua ni kwamba mwanamume aliyembeba mtoto na vumbi lake la safari anataka kitu kile kile unachokitaka wewe.

Na mteja wako yeyote mwenye fundo lisilolainika, mkubwa au mtoto, usimzidishie nguvu. Mwelekeze hospitali, atakucheka akirudi mzima.

Lakini kabla ya daktari na kabla ya mumeo, anza na mtoto. Ulimpa siri mbili azitunze, na amezitunza vizuri kuliko ulivyostahili. Kaa kitandani kwake umwambie mama alidanganya, wewe hukukosa lolote, na kuanzia leo ukiulizwa sema kweli. Ana miaka minane na ana saratani. Hiyo peke yake inamtosha kubeba.