Matokeo ya Mwaka wa Pili

Tarehe 9 Januari

Baba, shikamoo.

Najua nimechelewa kukuandikia. Miezi minne ni mingi, na sina sababu moja nzima ya kukupa, nina vipande vipande. Kifungo ameota meno manne kwa mpigo. Zamu zetu wodini zimepangwa upya. Baba yake amehamishiwa mradi wa mbali, sasa anarudi wiki moja kati ya nne. Kila nikishika kalamu mtoto anaitaka hiyo hiyo. Kwenye simu nako hatufiki popote, unaitikia "eeh, eeh", kisha unampa fundi viatu jirani yako aongee na mimi. Basi nimeandika, na nisamehe.

Mgongo unasemaje? Bado unainama kwenye cherehani kama ndoana? Ile stuli isiyo na egemeo uliitupa? Nijibu kweli, usinijibu la kunifurahisha. Sisi hatujambo. Mjukuu wako anatembea kwa kushika ukuta, na akianguka hunitazama kwanza aone kama inafaa kulia.

Sasa lililonikalisha chini. Naomba nafasi ya shahada ya uzamili ya fiziotherapia. Miaka mitano nimefanya kazi hii wodini. Nawafunga wagonjwa mkanda kiunoni, nawasimamisha kati ya vyuma viwili, nawahesabia hatua. Lakini akija mgonjwa wa kiharusi, mimi siamui aanze na nini. Anaamua mwenye uzamili, naye huja mara mbili kwa wiki. Siku nyingine wanalala wakimsubiri, na mkono unaosubiri hukakamaa. Kuna fundi redio mmoja alisubiri siku tisa. Mimi la kumfanyia nililijua tangu siku ya pili, na sikuwa na ruhusa.

Wanachukua watu kumi na wawili, mara moja kila miaka miwili. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 28 Februari. Maelezo yangu nimeyaandika Kifungo akiwa amelala mgongoni, ukurasa na nusu. Mkuu wa wodi amenidhamini. Yamebaki matokeo yangu ya chuo, na chuo hakitumi kwa posta, lazima mtu aende akayachukue. Kutoka kibandani kwako ni mwendo wa dakika ishirini. Nimeshawaandikia kwamba utakwenda wewe. Watakupa bahasha iliyofungwa, imepigwa muhuri juu ya mdomo wake. Nitumie hivyo hivyo ilivyo.

Baba, isifunguliwe. Ikishafunguliwa hawaipokei.

Mwanao


Tarehe 27 Januari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, tena mara nne, moja kwa kila mwezi uliokaa kimya. Mimi mzima. Mgongo uko nyuma yangu, sijauona siku nyingi. Stuli ni ile ile, imenizoea. Mwambie mjukuu wangu namshonea suruali yenye kitambaa mara mbili kwenye magoti, maana anayetembea kwa ukuta hufagia nyumba kwa magoti.

Uzamili! Nani acheke? Kicheko nilichokuwa nacho nimemwachia fundi viatu, anasema sasa utaanza kutunyoosha hata tusiopinda.

Chuo nilikwenda Alhamisi. Nilivaa suti ya kijivu, ile ya harusi yako. Pale ofisini kuna mama mmoja wa miwani, sauti yake ya kufukuza kuku. "Mzee, wewe ni nani wake?" Nikamwambia, mimi ni baba wa yule msichana aliyemzika mama yake Jumatatu, na Jumatano akakaa kwenye mtihani wa anatomia. Akanisukumia kitabu niweke sahihi. Hajui anaongea na nani. Huku mtaani hadithi hiyo haina asiyeijua. Mteja akija kupimwa, mimi nikiwa na pini mdomoni, fundi viatu huianza mwenyewe kule alipoketi, na haachi neno.

Bahasha ndiyo hii. Nimeivisha kitambaa cha bitana isikunjike.

Kuna jambo dogo. Mwaka wa pili, mstari wa Anatomia, wameandika "Hakufanya". Halafu mwaka wa tatu Anatomia imeandikwa tena, na hapo una B. Ni kosa lao, wanachanganya watu. Ukitaka nitarudi na suti yangu wairekebishe mbele yangu, wasije wakakuharibia kwa wanaochagua huko unakoomba.

Najua utauliza nimeonaje. Haya, ni mvuke wa pasi. Lakini mwanangu, tangu nianze kazi hii sijawahi kumpa mteja nguo bila kuigeuza nje ndani. Ningetumaje kitu nisichokijua? Gundi imelegea yenyewe, nimeibandika tena, muhuri umekutana mstari kwa mstari. Hata aliyeupiga hatajua.

Baba yako


Tarehe 8 Februari

Baba, shikamoo.

Suruali imefika, inamtosha na inabaki. Ameshaifanyia kazi sakafu yote. Homa ilimpitia siku mbili, sasa hajambo. Nami sijambo, usingizi tu ndio siupati wa kutosha.

Bahasha nimeipata. Niliitazama dirishani, kisha nikaipeleka wodini nikaiweka kwenye ile taa tunayosomea picha za mifupa. Kweli haionekani. Kazi yako ni safi kabisa.

Sitaituma. Usinielewe vibaya, sina hofu ya kukamatwa. Kazi yangu yote ni kuandika kilichotokea. Mgonjwa akipiga hatua nne naandika nne, hata kama mkewe amesimama mlangoni anataka nimwambie kumi. Siwezi kuanza kwao na bahasha ya namna hiyo. Nimewaandikia kwamba ilifunguliwa nyumbani kabla ya kunifikia, na nimeomba wanisubiri niitafute nyingine. Sikusema ni nani.

Sasa lile uliloliita kosa lao. Si kosa, Baba. Mtihani ule sikuufanya.

Jumatano ile ulinisindikiza hadi getini. Ulisema, "Mama yako hakukusomesha ukae mkekani." Nilisubiri ugeuke. Nikapanda ngazi hadi kwenye mlango wa chumba. Ndani kulikuwa na meza ishirini, kila meza ina mfupa na namba, na kengele inalia kila dakika mbili wanafunzi wahamie meza inayofuata. Meza ya karibu na mlango ilikuwa na mfupa wa kiganja. Siku tatu nyuma nilikuwa nimeukunja mkono wa Mama kifuani mimi mwenyewe. Jina la mfupa ule nililijua. Nikarudi nikakaa kwenye ngazi mpaka kengele ya mwisho.

Niliporudi nyumbani ukauliza, "Umemaliza?" Nikasema, "Nimemaliza." Ukawageukia watu waliokaa barazani ukawaambia. Niliona mgongo wako ulivyonyooka. Nikanyamaza, na kesho yake ikawa ngumu zaidi ya jana. Mwaka uliofuata nilirudia mtihani na wa darasa la nyuma yangu, nikapata hiyo B.

Naomba urudi chuoni, Baba. Uwaambie ilifunguliwa, wakupe nyingine.

Mwanao


Tarehe 1 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima. Wiki tatu sijapata neno. Nilimpigia fundi viatu, akasema upo, unashona, na kwamba umekuwa "mtu wa kuitikia kwa kichwa". Nilifurahi kujua kichwa kinafanya kazi.

Huku wamenijibu. Wameniongezea muda hadi tarehe 15 Aprili, kwa sababu nilieleza mwenyewe kabla hawajauliza. Jina langu limebaki kwenye orodha ya wanaosubiri kusomwa. Lakini niliwatajia pia huo mstari wa mwaka wa pili, na sasa wanauuliza. Mwanafunzi asiyetokea kwenye mtihani hawamchukui mpaka aeleze sababu, na maelezo yake peke yake hayatoshi.

Nisipokamilisha kufikia siku hiyo nasubiri miaka miwili. Kifungo atakuwa anakimbia. Na wodini wamesema watamleta mwenye uzamili mwingine, nami nitaendelea kumfungia mkanda.

Sikuandika kukulaumu. Wala sijutii kukwambia, ingawa ningependa ningekuwa nimekwambia ana kwa ana, miaka tisa iliyopita, kabla chai ya barazani haijapoa. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo.

Barua zako mbili ninazo. Ile ya kwanza niliisoma mara moja nikaiweka chini ya cherehani, na kila nikikanyaga niliisikia.

Mtihani haukunikasirisha. Ni mtihani wako, mkono ulikuwa wa mama yako, nani akulazimishe. Niliposoma hapo kwenye ngazi nilitaka kupanda nikuchukue. Kilichonikasirisha ni miaka tisa. Hadithi ile nimeisema mbele yako sijui mara ngapi, umekaa hapo hapo, umeshika kikombe, na hukunikanyaga hata mguu. Siku ya harusi yako niliisema kwenye kipaza sauti! Wakwe zako walisimama wakapiga makofi. Na wewe ukapiga.

Halafu najiuliza, ningekuachia nafasi gani ya kusema? Nilikuwa nimeshaikata hadithi, nimeishona, nimeivaa.

Chuo nimekwenda Jumatatu. Bila suti. Yule mama wa miwani akauliza, "Mzee, nani aliifungua?" Nikasema mimi. "Kwa nini?" Nikasema kiherehere. Akavua miwani. Akasema tangu afike ofisi ile bahasha zimefunguliwa na panya, na mvua, na waume wenye wivu, ila mimi ndiye wa kwanza kukiri. Nyingine itakuwa tayari Ijumaa ya wiki ijayo. Ameniambia nikiifungua nisirudi.

Fundi viatu juzi aliianza tena hadithi ile, mteja amenyoosha mikono nampima kifua. Sikumkatiza.

Sasa wewe sema unachotaka. Wamekuuliza nini, wanataka karatasi ipi, nani aiandike. Usinibembeleze wala usinifiche. Niandikie moja moja kama vipimo, maana nimejiona, nikiachiwa nafasi naijaza mwenyewe.

Baba yako


Tarehe 27 Machi

Baba, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Kifungo ameachia ukuta Jumapili, hatua tatu, nimehesabu vizuri. Nilikuwa nimenyoosha mikono bila kumgusa, kama tunavyofanya wodini, na nikagundua ni rahisi zaidi kwa mtoto wa mwenzio.

Nisamehe kwa miaka tisa, na kwa makofi yale. Nami nimeshakusamehe mvuke wa pasi. Tusirudi huko tena kwenye barua. Tutarudi tukiwa tumekaa.

Umesema nikuandikie moja moja. Ili viwahi tarehe 15, vitoke kwako kabla ya tarehe 4 Aprili. Anwani yao iko nyuma ya karatasi hii. Peleka kwao moja kwa moja, usivipitishe kwangu. Ninavyohitaji ni hivi:

Bahasha ya matokeo, kama atakavyokupa mama wa miwani.

Nakala ya cheti cha kifo cha Mama, iliyogongwa muhuri na wakili. Cheti chenyewe kibaki nyumbani. Kipo kwenye bahasha ya khaki pamoja na hati ya kiwanja.

Nakala ya kitambulisho chako, pande zote mbili, sura ionekane.

Na barua yako wewe, kwa mwandiko wako, kwa sababu wanataka neno la mtu mzima wa familia aliyekuwepo. Isizidi nusu ukurasa. Andika siku tuliyomzika Mama. Andika kwamba siku mbili baadaye ulinisindikiza wewe mwenyewe hadi getini, na kwamba mtihani sikuufanya. Usiandike kwamba nilikuwa jasiri. Usiandike kwamba nilirudi baadaye nikafaulu, hilo watalisoma wenyewe. Na kabla hujaifunga, Baba, msomee fundi viatu, kwa sauti, mara moja.

Mwanao