Kopo Langu na Kisanduku Chako

Masika, mujukuu wangu,

Mimi bibi yako, unayeniita koko, kalamu siijui. Anayeandika ni jirani yetu mama Kavira, na nimemukataza kupamba maneno yangu. Akimaliza, atayasoma kwa sauti hapa mtaani kwetu Birere, kila mutu asikie, maana shukrani ya kufichwa naiona kama wizi.

Unakumbuka ubishi wetu wa barabara ya Sake? Volkano ilikuwa imelipuka, ardhi bado inatetemeka, na serikali imesema watu watoke mjini. Mimi nilibeba sufuria ya maharagi, ya moto. Wewe ulibeba kile kisanduku chako cheusi, kidogo kuliko tofali, umekivika sweta yangu. Nilikuambia watu wanakimbia na magodoro, wewe unakimbia na redio isiyoimba. Ulitembea tu mpaka kwenye ziwa la Lac Vert, ukaketi juu ya jiwe, ukaomba chakula. Nikakunyima mpaka unieleze kile kitu kina faida gani.

Ukasema kuna pesa isiyo na karatasi, inapita ndani ya telefone. Na kuna wanaoitwa wachimbaji, siyo hawa wetu wa migodi ya Masisi wenye matope mpaka magotini, bali matajiri wenye mashini kubwa zinazokunywa umeme kama ng'ombe mwenye kiu. Hao ndio wanafunga malipo ya watu katika mafungu, na wanalipwa kwa kazi hiyo.

"Na wakijiongezea?" nikauliza.

Ukasema ndiyo maana ya kisanduku. Chako, na vingine vingi katika nyumba za watu duniani, kila kimoja kinakagua kila fungu chenyewe, bila kuuliza tajiri wala jirani. Mchimbaji akijilipa kupita sheria, visanduku vinakataa fungu lake, na umeme wote aliouchoma umekwenda bure. Nikakuambia tajiri hawezi kuogopa kitu kinachovaa sweta ya mwanamke mzee. Ukacheka.

"Koko, kule Birere nani anapima maharagi ya tajiri?"

Hapo ukanikamata. Mfanyabiashara anafika na lori, magunia mpaka juu, na kopo lake la kupimia, chini limegongwa nyundo likaingia ndani. Hatupigi kelele. Kila mama anatoa kopo lake kwenye kitenge, anapima upya; yakipungua, hanunui. Hatuna mkubwa wa kutuamuru. Mwizi anabaki na magunia yake mpaka yaote. Lori ni lake, nguvu ni zake, lakini maharagi yaliyokataliwa na wanunuzi ni mzigo tu.

"Basi ni kopo," nikasema.

"Ni kopo, koko."

Nikakupakulia.

Tulirudi nyumbani, na baadaye waasi wakaingia mjini. Siku hiyo ulitoka asubuhi kupeleka telefone ulizotengeneza kwa wateja wa mtaa wa Himbi, hukurudi. Rezo, mtandao wa telefone, ilikatika. Siku zikapita, akaja muzee mmoja mkubwa wa kanisa, na suti yake, akaniambia nijikaze, umekufa barabarani. Wanawake wakaanza kulia. Vijana walikuwa tayari wanapanga viti vya matanga ndani ya kiwanja changu.

Nilitazama kisanduku chako pale juu ya kabati. Taa yake ilikuwa inawaka kwa umeme wa ile sahani yako ya jua. Kilikuwa kimetengwa na wenzake wote, lakini hakikubuni kitu. Kilingoja.

Nikamuuliza muzee, "Wewe umemuona?"

Akasema hapana, lakini watu wote wanasema.

"Basi rudisheni viti."

Walisema huzuni imeniharibu kichwa. Masika, niliogopa. Nilikuwa napika na kumwaga, napika na kumwaga. Lakini sikulia. Mutu mkubwa aliniletea fungu, na mimi nilikuwa bado sijalipima.

Siku rezo iliporudi, ikaingia namba ya Uganda nisiyoijua, na sauti nyembamba. Mama Kavira akaanza kuruka kwa furaha. Mimi nikakuuliza kama mutu wa polisi: kama ni wewe, tulibishana juu ya nini kwenye barabara ya Sake?

"Sweta yako," ukasema. "Na maharagi ukaninyima."

Hapo ndipo nililia, mpaka kitenge kikaloa. Kumbe ulikuwa umekimbia vita, ukavuka mpaka.

Kisanduku kinafanya kazi. Kilianza pale kilipoachia, kikakagua mafungu yote yaliyokipita, moja moja, hakikuruka hata moja. Sweta nimeitoa, kinapata joto. Asante, mutoto wangu. Kopo nilikuwa nalo tangu ujana, lakini sikujua kwamba linapima na habari. Bila wewe ningekuzika ukiwa unapumua.

Sasa sikia. Usirudi kwa sababu wakubwa wametangaza amani. Hata mimi nikikuambia, usinikubali hivi hivi. Fika kwanza mpakani Bunagana, simama upande wako wa Uganda, utazame kwa macho yako mwenyewe. Upande huu nitakuwa nimesimama na sufuria.

Safari hii nitakupakulia kabla hujaeleza kitu.

Koko yako, mwenye sweta