Koti la Dereva

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limekuachia, au bado linakuamsha alfajiri? Na dagaa wenu, usipa, mnapata jua la kuuanika? Mimi mzima, isipokuwa mkono wa kulia, ndiyo maana mwandiko huu unapepesuka kama mlevi: naandika kwa kushoto. Beata anayekusomea asiruke pabaya. Namjua mdogo wangu, akiona neno damu anageuza karatasi.

Ujumbe uliomtuma kondakta umenifikia: "Mwambie Skola aache watoto wa watu, arudi Lupingu kabla hawajaniletea maiti." Kwenye simu ukisikia hospitali unalia, na mimi nikikusikia unalia nakata. Basi nimeandika. Usikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Unajua nafundisha darasa la awali hapa Makambako. Watoto tele, vitabu vya kugombania. Nikaanzisha mchezo wa kuvaa. Nimepiga misumari ukutani, kila msumari una vazi na kadi ya jina: NESI, FUNDI, POLISI, MAMA LISHE, DEREVA. Asiyesoma kadi havai. Akishavaa, anafanya kazi ya vazi lake. Mama lishe anaandika ubaoni alichopika, nesi anaandika jina la mgonjwa, dereva anasoma vituo. Vituo nimeviandika kwenye maboksi nikaviegemeza kwenye madawati: Makambako, Njombe, Tandala. Cha mwisho, pale dirishani, ni Lupingu. Najua hakuna basi la njia hiyo, usinicheke. Walimu wenzangu walinicheka vya kutosha, eti nalipwa kuchezea mitumba, lakini watoto wangu walikuwa wanasoma.

Nguo niliwaomba wazazi. Bibi mmoja akaleta koti la kiume, la kijivu, zito. "Kamwene, mwalimu," akanisalimia kikwao. "Nitunzie na hili." Nikashukuru, nikalitundika kwenye DEREVA. Sikuuliza ni la nani. Mimi niliyelelewa na wewe, sikuuliza!

Lilikuwa la mwanawe, dereva wa lori la mbao, marehemu. Na ukoo ulikuwa bado haujakaa kugawa nguo zake. Huhitaji kuambiwa, nguo ya marehemu haivaliwi kabla ndugu hawajakaa. Bibi aliogopa kwamba siku ya kugawa, koti lingechukuliwa na mwanawe mdogo, Exavery, akavae kilabuni. Akaona shuleni ni kama kanisani, hakuna atakayelitafuta huko. Yeye alileta kuficha, mimi nikatundika ukutani.

Na mtoto wa yule marehemu, Tumaini, yumo darasani kwangu. Tangu tumzike baba yake alikuwa haongei. Ukimuuliza jina anaangalia viatu. Siku alipoliona lile koti alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka kidole kwenye kadi, akasoma kwa sauti: "De-re-va." Akalivaa, likaburuza chini. Akawasha gari kwa mdomo, akasoma vituo vyote hadi Lupingu, wenzake wakipanda na kushuka. Mama, nilitoka nje nikalia, nikarudi.

Tukaendesha hivyo wiki kadhaa. Kisha Exavery akapita dirishani, ananuka pombe ya ulanzi na jua bado halijapanda, akaona koti la kaka yake linatambaa sakafuni.

"Nani amemvua kaka yangu nguo?"

Nilimwambia, "Baba mdogo, karibu ofisini tuzungumze." Hakunisikia. Aliingia, akamkamata Tumaini ukosini, akamnyanyua. Mtoto akang'ang'ania kola. Exavery akampiga kofi, mtoto akaangukia kona ya dawati, mdomo ukapasuka. Nikamrukia. Nilimng'ata sikio, Mama, nikahisi chumvi ya damu yake. Akachukua mti wa kufungulia madirisha akanishushia mkononi. Mfupa unapovunjika unausikia kwanza, maumivu yanakuja baadaye. Akapiga tena, begani. Watoto wamejibana chini ya madawati wanalia, NESI wangu mdogo amejikojolea.

Vijana wa bodaboda wakaingia, na wapakiaji wa viazi nyuma yao. Wakamburuta hadi uwanjani. Mikanda, mateke, matofali. Mmoja akamkanyaga usoni, meno yakatoka. "Anapiga watoto! Leteni tairi!" Mwingine akaanza kufungua mfuniko wa tenki la pikipiki yake.

Nilisimama mlangoni nimeshika mkono wangu, na nilitaka wamchome. Beata, soma hivyohivyo. Nilitaka aungue.

Aliyekuja ni yule bibi wa koti, anakaa jirani na shule. Hakupiga kelele. Alimvua Tumaini koti, akapita katikati ya wale vijana, akamfunika nalo Exavery kichwa na mgongo, kisha akasimama kando.

"Haya, pigeni. Mmoja nimemzika, nguo yake ndiyo hiyo. Mpigeni na yeye."

Kijana mmoja alikuwa ameshainua tofali. Alilishusha taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali. Hakuna aliyethubutu kupiga lile koti. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuagana.

Nilipelekwa Njombe, wakanifunga hogo, ile plasta ngumu, mpaka kwenye kiwiko. Exavery alilazwa wodi ya pili, taya limefungwa waya. Wazee wa ukoo wamekuja na kuku, wanataka tuyamalize nyumbani. Kuku nimemla, kesi sijaifuta. Na usiniambie nisamehe, bado sijafika huko.

Kilichonivunja zaidi ya mti ule ni Tumaini. Hakurudi shule, na nyumbani alinyamaza tena kabisa. Ujumbe wako ulinikuta nimeshaanza kufunga begi. Kweli kabisa, nilikuwa nakuja.

Leo asubuhi nikaenda darasani kuaga. Bibi akatokea na Tumaini, na koti mkononi, limefuliwa lakini doa la begani limegoma. Ukoo umekaa, koti ni la mtoto. Nikamwonyesha msumari. Hakulivaa. Alipanda kwenye kiti akanifunika nalo mabegani, juu ya hogo, akashuka, akakaa nyuma yangu.

Nikauliza, "Abiria, unakwenda wapi?"

Macho yake yakatembea kwenye maboksi, moja baada ya jingine.

"Lu-pi-ngu."

Basi nikanguruma kwa mdomo, mtu mzima mimi, machozi yananiingia kinywani, tukapita Njombe, tukapita Tandala, tukafika dirishani.

"Ndiyo kwenu?" akaniuliza.

"Ndiyo kwetu."

"Mama yako yupo?"

"Yupo. Anaanika usipa."

Akachungulia nje muda mrefu. "Msalimie," akasema. "Halafu geuza gari."

Mama, nikageuza.

Msalimie baba mkubwa na nyavu zake, shangazi aliyenifundisha kushona, na mwalimu wangu wa la kwanza kama bado anaona. Beata mbusu kwa niaba yangu, amesoma vizuri.

Nimefika kwako, nimekusalimia,

Mwanao Skola,
Makambako