Nyuzi Laini Nilizomchagulia Wangari

Jumamosi usiku

Ati laini! Ni mimi niliyejifanya najua. Mwenye duka la magitaa pale Nyeri aliniuliza vizuri, "Mama, msichana wako anapiga besi aje?" Nikamwambia Wangari wangu huchapa nyuzi kwa kidole gumba mpaka kanisa lote linasimama. Akasema, "Basi mpelekee hizi zenye mikwaruzo, ndizo zinalia." Nikakataa. Kidole cha mtoto kimefura, na mimi ni mama. Nikachukua laini, tena zile ghali.

Jioni amezifunga, akachapa. Du, du, kama mtu anayepiga godoro. Hakunilaumu. Alisema tu, "Asante, Mami." Hiyo ndiyo imenikaa rohoni.

Na kesho bendi ya Nyeri inakuja kanisani kumsikiliza, waone kama watamchukua. Hawana mpiga besi kama huyu, nasema bila aibu. Lakini wakisikia godoro...

Baadaye nikakuta nyuzi zake kuukuu, zile zilizopoteza sauti, zinachemka kwenye sufuria yangu ya githeri.

"Wangari, hiyo ni nini?"

"Natoa jasho na uchafu, Mami. Zikikauka zitalia tena, hata kama ni kesho tu."

Nikaongeza kuni.

Sasa zinaning'inia juu ya jiko, pale nilipokuwa nikikausha sweta yake ya shule. Yeye amelala fofofo. Ni mimi ninayeamka kila mara kwenda kuzigusa.