Kiti cha Nazeli

Jumatatu, 4 Machi 2024
Simu leo! Bi Ruzan, afisa wa ustawi wa jamii, atakuja Jumatano kumkagua binti yangu, Nazeli. Akiona hali yake ni nzito, tutapewa kiti cha magurudumu na nafasi ya mazoezi ya viungo hapahapa mjini Masis. Miezi mitano nambeba mgongoni, ngazi za ghorofa tatu. Ana miaka tisa sasa, na mtindio wa ubongo haumzuii kunenepa — mkate wa bibi yake huo! Kiti chake tulikiacha mlangoni kwetu Stepanakert, siku tulipoikimbia Artsakh kwa vita. Gari moja, watu tisa. Nilifunga mlango kwa ufunguo kama mtu anayekwenda sokoni.

Jumatano, 6 Machi
Nina hasira, hata mwandiko wangu siutambui. Nilitoka kufuata dawa ya Nazeli, foleni ikanichelewesha. Kurudi — nyumba si yetu! Mama mkwe, Bi Arevhat, kaazima zulia na vikombe kwa jirani. Godoro la Nazeli kalificha nyuma ya kabati. Mezani jingyalov, ule mkate wetu wa majani ya porini, na jemu ya forosadi. Nazeli kakalishwa kitini, riboni kichwani, mito imemshikilia chini ya shali. Na Bi Ruzan yuko kwenye mkate wa tatu!

Mama mkwe anamwambia huyu mtoto hana shida, jionee kwa macho yako. Akamnyanyua kwapani. "Mwonyeshe shangazi!" Hatua mbili. Bi Ruzan akapiga makofi. Kisha akaandika.

Alipoondoka nikauliza, "Mama, umefanya nini?"

"Ulitaka mgeni akute godoro na mikojo? Akaseme watu wa Artsakh ni ombaomba?"

Nikaosha vikombe vya jirani.

Alhamisi, 14 Machi
Barua imefika. "Hali ya wastani." Kiti hakuna. Mazoezi, tusubiri mwakani.

Nilimsomea mama mkwe. Akaomba nirudie. Kisha akaingia jikoni, na sikusikia kisu wala sufuria. Namhurumia. Na bado nina hasira naye.

Ijumaa, 15 Machi
Nimekata rufaa. Bi Ruzan mwenyewe kanielekeza kujaza fomu. Kasema kwa sauti ya chini kwamba yeye huandika alichokiona, basi. Atarudi Ijumaa ijayo. Mwanamke mzuri, simlaumu.

Jumanne, 19 Machi
Kikao jikoni. Nimetoa amri: zulia hakuna, riboni hakuna, godoro libaki lilipo.

"Na chai?" mama mkwe kauliza.

"Chai tu, Mama."

"Chai kavu! Kwa mgeni! Heri unizike leo."

Nazeli alicheka mpaka akapaliwa. Nilicheka pia, siku nyingi sijacheka hivyo. Halafu akaniuliza, "Na mimi nifanye nini?"

"Wewe kaa tu, mwanangu. Bibi asikushike."

"Nisijitahidi?"

Nikageukia jiko, nikajifanya kama maziwa yanataka kufurika.

Ijumaa, 22 Machi
Saa nne kasorobo. Naandika ili mikono isitafute kazi. Meza tupu, birika tu. Godoro katikati ya chumba, na Nazeli juu yake. Mama mkwe kavaa gauni lake la kanisani — hilo nimeshindwa kumkataza. Amekalia mikono yake yote miwili.

Nimechungulia dirishani. Bi Ruzan anavuka uwanja, begi begani. Ngazi atazipanda polepole, ana magoti mabovu.

Mungu wangu! Nazeli! Kajiburuta hadi dirishani, kashika ukingo. Magoti yanatetemeka. Kasimama! Peke yake — hakuna mto, hakuna bibi. Mama mkwe anahesabu kwa kunong'ona. Nne. Tano. Sita. Hajawahi, tangu kuzaliwa hajawahi!

"Mama, umeniona?"

Nimekuona, roho yangu. Nalia kama mjinga, karatasi inalowa. Mama mkwe kaacha kuhesabu, ananitazama mimi. Najua anachoniuliza, na safari hii kaniachia mwenyewe niseme.

Viatu vimefika ghorofa ya pili.

"Shangazi anakuja," Nazeli anasema. Jasho linamtiririka, na anacheka. "Nimngoje hivihivi, Mama? Au nikae?"

Kengele.